Rangi ya Nne

Kila alasiri, kabla hata ya kuvua sare ya shule, Sindano alipiga magoti chini ya cherehani ya baba yake akiwa na kipande cha sumaku, akakusanya pini zilizoanguka tangu asubuhi. Baba yake alikuwa fundi wa nguo, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa karakana: cherehani mlangoni, pasi juu ya meza, vitambaa vimerundikwa hadi karibu na dari. Pini zikiisha, kazi ya pili ilikuwa kukabidhi nguo kwa wateja.

"Geuza kwanza," baba alimkumbusha siku hiyo, bila kuinua macho kutoka kwenye mshono.

Sindano akaigeuza sketi ndani nje, akampa mwenyewe. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa karakana ile. Nguo haikutoka mle bila mteja kuonyeshwa upande wa ndani, kwenye mapindo, mafundo na viraka. Wateja wengine walichoshwa. "Fundi, mimi nitavaa nje, sitavaa ndani!" walilalamika. Naye aliwajibu vilevile kila mara: "Kwa nje hata gunia hupendeza likipigwa pasi."

Jina la Sindano lilitoka kwa watoto wa mtaa wao. Kwanza, alikuwa mtoto wa fundi. Pili, alikuwa mwembamba. Tatu, na hii ndiyo sababu iliyolifanya jina ligande, ulimi wake ulichoma.

Kazi ya tatu ndiyo aliyoipenda: kuipiga msasa mashua.

Ndiyo, mashua. Ilikuwa uani, imepandishwa juu ya magogo kati ya tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo. Ilikuwa ya mbao, ya zamani, na ilijaza ua kiasi kwamba mtu akienda bafuni alipita ubavuubavu kama kaa. Majirani walichungulia juu ya ukuta na kuuliza gharika inaanza lini. Baba aliwacheka tu. Kwa miaka mingi alikuwa ametia viraka matanga ya watu wengine, lakini hakuwa amewahi hata mara moja kukaa chini ya tanga likiwa limejaa upepo. Mwaka huo, badala ya kununua cherehani ya pili aliyokuwa akiiota, alinunua mashua.

"Uliikagua vizuri?" mama alimuuliza siku ilipoletwa. Mama alikuwa muuguzi wa zahanati, na maswali yake yalikuwa mafupi kama ya kumwuliza mgonjwa.

"Nimelikagua tanga mshono kwa mshono," baba alijibu kwa fahari. "Uzi wote ni imara."

"Nimeuliza mashua."

"Nakwambia tanga ni imara kabisa!"

Mama akatikisa kichwa. "Basi umenunua ng'ombe kwa uzuri wa kamba yake."

Alasiri hiyo Sindano alikuwa akisugua ubavuni, chini kabisa, mahali mashua inapokaa ndani ya maji. Rangi ya buluu ikatoka. Chini yake kulikuwa na kijani. Chini ya kijani, nyeupe. "Mashua ina nguo nyingi kuliko mimi," alinung'unika. Kisha msasa ukapita mahali palipokuwa laini kupita kiasi. Akachukua bisibisi, akabonyeza kidogo tu. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini, kama kisu kwenye papai.

Sindano akachokoa. Haukuwa ubao. Ulikuwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, ukashindiliwa ndani ya tundu, ukalainishwa, ukapakwa rangi. Pembeni mwa tundu mbao yenyewe ilikuwa imeoza, nyeusi, inanuka kama kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa. Akajaribu ubao wa juu yake. Vilevile. Akajaribu wa mbele. Vilevile.

"Baba! Njoo uone tulivyofanywa wajinga!"

Baba alikuja na futi ya kupimia shingoni. Alitazama, akaingiza kidole tunduni, akakitoa. Futi ikateleza kutoka shingoni ikaanguka, naye hakuiokota.

"Mashua hii ingeingia majini ingezama na sisi ndani!" Sindano alifoka. "Aliyetuuzia alijua. Tundu halijizibi lenyewe!"

Aliyewauzia alikuwa kinyozi wa pale kona. Mtaa mzima ulimwita Hamna Shida, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo. Siku alipomkata mteja sikio alimwambia, "Hamna shida, si una jingine?" Sindano na baba walimkuta akimnyoa mwalimu mmoja, amefika nusu ya kichwa.

"Shikamoo," Sindano alisema. Heshima ni lazima, lakini salamu ile ilitoka kati ya meno.

"Marahaba, binti! Mashua inaendeleaje?"

"Inaoza vizuri," Sindano akajibu.

Baba akamgusa bega ili anyamaze, kisha akaeleza kwa upole mno, kama mtu anayeomba radhi kwa kuibiwa. Hamna Shida alisikiliza huku mashine ikinguruma kichwani kwa mwalimu. Hakuona haya hata kidogo.

"Fundi, mbona unalia? Hata mimi niliuziwa hivyohivyo. Nilipoibandua kidogo ile kijani nikakuta matundu. Na aliyeniuzia mimi aliyakuta chini ya nyeupe. Nilifanya nini? Nikaziba, nikapaka buluu, nikatafuta mteja. Na wewe ziba, upake rangi, utafute mteja. Hamna shida! Tena nitakuletea mimi mwenyewe. Yupo mama mmoja anatafuta mashua."

"Na huyo mama akizama?" Sindano akauliza.

"Ataogelea."

Mwalimu aliyekuwa kitini akacheka. Sindano alimtazama yule mtu mzima, kichwa nusu nywele nusu kipara, akicheka jambo kama hilo, akatamani umeme ukatike papo hapo, aende kazini vile alivyo.

Njiani kurudi nyumbani alimsubiri baba yake akasirike. Alimsubiri kuanzia kona hadi kwenye bomba la maji, na kuanzia bomba la maji hadi mlangoni. Baba alitembea tu, akitazama viatu vyake.

Siku iliyofuata Sindano aliporudi kutoka shuleni alikuta kopo la rangi ya manjano uani. Karibu nalo kulikuwa na beseni, na ndani ya beseni unga wa mbao na gundi. Baba alikuwa amechuchumaa, akiziba matundu kwa ustadi uleule aliotumia kushona vifungo.

"Baba, unafanya nini?"

"Ninarudisha pesa ya cherehani, mwanangu. Shika brashi."

"Sishiki."

"Sindano."

"Sishiki! Jana ulitapeliwa, leo unajifunza utapeli? Mtu akikuambukiza upele ni lazima umtafute wa kumwambukiza?"

"Usinipandishie sauti!" Baba akasimama. Gundi ilikuwa imemganda kwenye vidole. "Unadhani napenda? Wateja wananiacha kwa sababu nachelewesha kazi. Nina cherehani moja, na umeme ukikatika nina nusu. Niliota ndoto ya kipumbavu, sasa niache niifukie."

Sindano alimkimbilia mama yake jikoni.

"Mama, mwambie!"

"Nimeshamwambia. Na mimi brashi hiyo sishiki," mama alisema, akikata vitunguu kwa nguvu isiyohitajika. "Lakini mkono ni wake. Mtu hawezi kufumbuliwa ngumi na mwingine."

Mashua ikapakwa manjano. Na ubaya wake, ilipendeza! Ilimeremeta uani kama ndizi mbivu. Majirani waliokuwa wakiuliza habari za gharika sasa walisifu. Sindano alipita karibu nayo akiwa amenuna, akarudi kwenye sumaku yake na pini zake.

Mwisho wa juma Hamna Shida aliwasili na mteja. Alikuwa mama mrefu mwenye viatu vya kazi, msimamizi wa ghala la mbao lililo ng'ambo ya maji. Alimshika mkono binti yake mdogo, na binti alikuwa amevaa mkoba wa shule ingawa haikuwa siku ya shule.

"Hakubali kuuacha nyumbani," yule mama alieleza. "Nimemwambia tukipata mashua atavuka na wenzake kwenda shule. Sasa hivi wanazunguka kwa miguu ukingo wote. Wakifika, wamechoka, darasani wanasinzia."

"Mashua hii itawabeba wote, hamna shida!" kinyozi akasema, akipigapiga ubavu wa mashua. Sindano aliona kwamba alipiga juu tu, pale penye mbao nzima.

Yule mama akapitisha kiganja kwenye rangi. "Ni nzuri. Mbao ziko salama, fundi?"

Kabla baba hajajibu, yule mtoto alikuwa ameshapanda. Akaketi katikati, mkoba mgongoni, akaweka mikono magotini kama abiria mwenye adabu.

"Mama, mimi nitakaa hapa," alisema. "Hapahapa."

Chini ya miguu yake ndipo palipokuwa na tundu kubwa kuliko yote.

Damu ilimpanda Sindano kichwani. Alikuwa na maneno mengi, ya kumchoma kinyozi, ya kumchoma baba yake, ya kuuchoma mtaa mzima. Lakini alipomtazama baba aliona macho yake yameganda kwa yule mtoto, na jasho likimtoka. Maneno yote yakamwishia. Likabaki moja.

"Baba," alisema taratibu. "Geuza kwanza."

Karakana nzima ilikuwa ndani ya neno hilo, na fundi alilisikia. Kisha akamwinua mtoto wa watu kutoka kwenye mashua, akamweka chini kwa uangalifu, akachukua bisibisi, akaichomeka kwenye rangi ya manjano. Ikazama mpaka kwenye mpini. Akaichomeka pengine. Ikazama. Alichokoa unga na gundi mpaka ubavu wa mashua ukawa na midomo wazi.

"Huu ndio upande wa ndani," alimwambia yule mama. "Mbao zimeoza. Mimi niliuziwa hivi, na nusura nikuuzie hivi. Nisamehe. Usiinunue."

"Fundi, umerogwa?" Hamna Shida akapiga kelele. "Unaniharibia jina!"

"Jina lipi?" Sindano akauliza.

Yule mama alikuwa amechutama mbele ya tundu. Aliposimama uso wake ulikuwa umebadilika, na wote waliona kwamba hasira ya Sindano ilikuwa cheche tu. Moto wenyewe ndio huu.

"Mimi naishi na mbao," alimwambia kinyozi. "Nazijua zikiwa uchi. Zikivishwa rangi, hata mimi nadanganyika, na wewe ulilijua hilo. Ulinifuata hadi kazini kwangu, ukaniuliza nina watoto wangapi, ukaniambia mashua ni nzima. Ulikuwa unawahesabu wa kuzama?"

Hamna Shida alitazama huku na huku. Vichwa vilikuwa vimejaa juu ya ukuta. Akapita ubavuubavu kando ya mashua, akatokomea.

Yule mama aliondoka bila kuaga. Baba aliketi juu ya gogo hadi chakula kilipopoa. Hakuna aliyemsumbua. Lakini Sindano alimletea futi yake, akamvisha shingoni.

Siku chache baadaye mkokoteni ulisimama mlangoni, umebeba mbao mpya. Nyuma yake alikuwa yule mama na viatu vyake vya kazi.

"Mimi bado nahitaji mashua," alisema kabla hata ya kukaribishwa. "Wewe unahitaji mbao. Kusafiri majini na mtu anayesema 'hapa pana tundu' ni salama kuliko kusafiri na mwenye rangi nzuri. Tutaitengeneza pamoja, itakuwa yetu sote. Asubuhi itavusha watoto, siku za mapumziko utapanda wewe na tanga lako."

Na Hamna Shida? Watoto walikuwa wakipita mbele ya kibanda chake cha kunyolea wakiimba, "Ina tundu? Hamna shida!" hata wateja wakaanza kukagua masikio yao kabla ya kuketi. Alikuja mwenyewe, kichwa chini, akaomba afanye kazi yoyote. Sindano hakumnyima. Alimpa msasa.

"Manjano yote itoke," alimwagiza. "Na buluu. Na kijani. Na nyeupe. Shikamoo."

Waling'oa mbao mbovu, wakapigilia mpya, wakaziba nafasi kati ya mbao kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Siku ya kuishusha majini, mashua ikaanza kuvuja palepale. Sindano alishika kiuno. "Nani tena ametudanganya?"

Mama wa mbao akacheka. "Hakuna. Mbao kavu hunywa maji kwanza, zikishiba zinavimba na kufunga midomo. Iache." Wakaifunga kwenye gati, wakangoja. Kesho yake walikausha maji yaliyoingia, na mengine hayakuja.

Tanga likapandishwa. Upepo ukalijaza, na fundi wa nguo akakaa chini yake akitabasamu peke yake kama mtoto. Pembeni yake, mtoto wa mkoba aliketi mahali pake palepale. Mbao mpya hawakuzipaka rangi, walizipaka mafuta tu, kwa hiyo ubavuni mwa mashua vilionekana vipande vyeupevyeupe kati ya mbao za zamani.

"Tungepaka rangi moja tu, Baba," Sindano alimtania. "Watu wanasema tumevaa viraka."

"Waache waseme," baba alijibu, mkono kwenye usukani. "Sikia, mwanangu. Nimetia viraka maisha yangu yote, na kiraka hakijawahi kumwaibisha mtu. Kinachoaibisha ni tundu ulilolijua ukalifunika, ukamwachia mwenzako alikanyage. Ukidanganywa, hasira ni haki yako. Lakini ukiipitisha hasara kwa mwingine, hujalipiza kisasi kwa yeyote. Umekuwa rangi inayofuata tu."

Sindano alichungulia ndani ya mashua, chini ya miguu yao. Palikuwa pakavu.