Betri Aliyoniuzia Mchumba Wangu

Nina miaka thelathini na moja, nashona sare za shule hapa Kibaha, na naishi na mama yangu Mbwawa tangu tulipohamia kutoka Same. Haya yalinipata mwaka huu... na mpaka leo nikiyakumbuka nasimamisha cherehani.

Mama ana tatizo la kukatika pumzi akilala. Hulala na mashine inayompulizia hewa puani kwa bomba na barakoa. Mwenyewe huiita "pua yangu ya pili". Bila hiyo anakoroma, ananyamaza, kisha anashtuka akitafuta hewa. Nimezoea kulala sikio moja likiwa kwake.

Kila mwaka kanisa letu hufanya makambi Kisarawe, kandokando ya msitu, watu wakilala kwenye mahema. Tangu apate mashine mama alikuwa haendi, maana kule hakuna umeme. Mwaka huu akalia, akasema wenzake wa kwaya watamsahau! Ningefanya nini?

Nikaanza kuhangaika na betri. Nyumbani tulikuwa na moja ya taa za sola, lakini ilikufa wakati wa masika na mchumba wangu Godi akaibeba akaiuze chuma chakavu. Duka moja walikuwa na betri ya lithiamu, nyepesi, ina dhamana, ila bei yake ilinikata maini. Betri ya gari niliiogopa, tindikali ndani ya hema!

Godi ana duka la vifaa vya sola Maili Moja, na alikuwa ameshaleta posa na sehemu ya mahari. Akanicheka. "Unahangaika nini na mimi nipo? Nina betri kavu, mpya kabisa. Wewe si mteja bwana, wewe ni wa nyumbani."

Akaniuzia kwa nusu ya bei ya ile nyingine. Akaiunganisha na taa, ikawaka vizuri! Fundi mmoja jirani alinishauri niijaribu na mashine yenyewe usiku kucha kabla ya safari. Nikaona ana wivu wa biashara. Mimi ni mtu wa haraka, tena nilikuwa nimependa... nijaribu nini tena?

Makambini mama alipokelewa kwa shangwe. Akapanga masufuria yake, kila moja lina nukta tatu za rangi nyekundu ya kucha, kama anavyotia alama kila kitu chake kisichanganyike na cha watu. Usiku akavaa barakoa, akalala. Haukupita muda... mashine ikazima!

Nikamsikia akikoroma. Kisha kimya. Nilimwita, nikamtikisa, nikapiga kelele mpaka mahema ya jirani yakaamka! Alipovuta pumzi nililia kwa sauti. Akina mama wa kwaya wakaja, wakapokezana kumweka macho, wakimwimbia na kumtania hadi kukapambazuka.

Asubuhi nilikuwa bado namtetea Godi. Nikasema labda ni waya. Mama akaipangusa ile betri. Sitika yake ilikuwa imelowa umande na kubanduka pembeni. Akaivuta taratibu... chini yake palikuwa na nukta tatu nyekundu.

"Neema," akaniita, "si hii betri yetu ya taa?"

Ndiyo yenyewe! Nikampigia simu Godi. Hakukana. Akasema alidhani ingefika asubuhi, na faida yenyewe ilikuwa ya harusi yetu. Ya harusi yetu! Nikamuuliza kama angemwekea mama yake mzazi. Kisha nikakata simu.

Mahari tumeirudisha. Wapo wanaosema nimevunja uchumba kwa sababu ya betri. Wao hawakuusikia ule ukimya ndani ya hema.

Siku hizi silali. Naamka, nasimama mlangoni kwa mama, nasikiliza mashine ikivuma, narudi kitandani, naamka tena. Ameshaanza kuniuliza kama mwakani tutaenda makambi. Nimemwambia tutaenda, na nadunduliza hela ya ile betri nyepesi ya dukani.

Wasomaji wenzangu, nawasihi... msiridhike na taa iliyowaka dakika mbili dukani! Iunganisheni betri na mashine yenyewe, nyumbani kwenu, mkae pembeni mpaka kuche, hata kama muuzaji ni mtu mnayetaka kuzeeka naye. Usiku mmoja tu wa kuijaribu pale Mbwawa ungetosha kunionyesha Godi ni mtu gani.