Asali Yenye Utepe wa Kijani

Jumamosi asubuhi Oleta Skaggs alibeba asali mpaka kwenye kibanda chao kando ya barabara. Kibanda hicho hakikuwa na muuzaji. Katika bonde lao, kwenye milima ya Kentucky, walizoea hivyo. Mteja huchukua mayai au asali, hutumbukiza pesa kwenye kopo, huacha chupa tupu ya mara iliyopita, kisha huenda zake.

Chupa za mbele zilikuwa za asali ya kawaida. Chupa za nyuma Oleta alizitia mafuta ya hempi. Huo ni mmea wa jamii moja na bangi, na mumewe Hobert aliupanda alipoacha kulima tumbaku. Asali hiyo hulevya na kuleta usingizi. Alama yake ilikuwa utepe wa kijani shingoni mwa chupa. Bonde zima lilijua.

Asubuhi hiyo utepe ulikuwa chini, kwenye majani. Chupa haikuwepo.

Marcella Tackett, jirani yao, alikuwa amekuja kununua mayai. Yeye ni afisa afya wa kaunti.

"Mbona umeduwaa, jirani?"

"Utepe umeanguka. Asali ya hempi imeondoka bila alama."

"Kachukua nani?"

"Nitajuaje? Kibanda chetu si unakijua."

Marcella akarudisha mayai. "Ina nguvu kiasi gani?"

"Nakadiria kwa mkono."

"Yaani hujui."

"Sijui," alisema Oleta.

Hobert akaja akiburuta buti zake. "Mnahangaika nini? Serikali imeruhusu hempi. Aliyechukua atalala, ataamka."

"Wewe una kibali cha kuilima," alisema Marcella. "Kuitia kwenye chakula na kuiuza kuna sheria zake. Na je, akiila mtoto?"

Hobert akavua kofia yake.

Oleta hakuweza kutulia. Alizunguka kibanda. Aliangalia barabarani, akaangalia tena kopo la pesa, kana kwamba lingesema. Kisha akaanza kuinua chupa tupu zilizorudishwa, moja moja. Moja ilikuwa na vumbi la mbao.

"Estill Combs, yule seremala," alisema. "Huyu huweka misumari yake kwenye chupa zangu." Halafu akakumbuka. "Jana binti yake alimleta mjukuu. Yule mdogo, Wylie."

Walimpigia Estill simu. Haikupokelewa. Wakapanda gari la Hobert wote watatu.

"Ongeza mwendo," alisema Oleta.

"Hizi ni kona, mke wangu, si mashindano ya farasi."

"Ongeza tu."

Estill aliwafungulia mlango huku akitabasamu. "Naona harufu ya mkate wangu imefika mpaka kwenu."

Chupa ilikuwa mezani, wazi. Wylie alikuwa amelaza kichwa karibu na sahani.

"Kachoka na safari," alisema Estill. "Kala vizuri, sasa kasinzia."

Oleta alishika kiti. "Estill, asali hiyo ina hempi. Niliitengeneza mimi. Utepe wake ulianguka."

Estill alimwinua mtoto, akamkumbatia.

Marcella alimwita Wylie kwa jina. Mtoto alifungua macho, akayafumba tena. Marcella alipiga simu ya dharura papo hapo. "Mlaze ubavu," alimwambia Estill. "Usimtapishe, usimpe chochote, usimwache peke yake. Chupa tunakwenda nayo, daktari aione."

Hospitalini Oleta alitembea ukumbini, akaenda na kurudi. Hobert alimwambia akae. Alikaa, akasimama tena. Kesho yake ndipo Estill alipotoka wodini.

"Kaamka. Anadai mkate."

Oleta akaanza kulia.

"Nimenunua kwako miaka mingi bila kuona muuzaji," alisema Estill polepole. "Mayai, sawa. Lakini kitu cha kumlaza mtoto namna ile, niuzie ukinitazama usoni."

"Hicho ndicho sheria inachotaka," alisema Marcella. "Muuzaji awepo, aone kitambulisho, asimuuzie mtu aliye chini ya miaka ishirini na moja. Maabara ipime nguvu. Lebo iseme kilichomo. Kifuniko kiwashinde watoto."

"Sisi tulikuwa na utepe," alisema Hobert, akitazama kofia yake.

Waliporudi nyumbani waliondoa asali yote ya hempi kibandani. Marcella aliwaelekeza ofisi ya kuombea kibali. Ilichukua muda, na Hobert alinung'unika sana. Sasa asali hiyo hutengenezwa kwenye jiko lililokaguliwa. Inauzwa mjini tu, nyuma ya kaunta. Siku moja Hobert mwenyewe alikwenda kuinunua, akaombwa kitambulisho.

"Binti, huoni mvi hizi?"

"Naziona, babu. Nionyeshe kitambulisho."

Kibandani yalibaki mayai na asali ya kawaida. Kila Jumamosi Oleta aliinua chupa tupu na kuchungulia ndani. Zote zilikuwa safi. Estill alikuwa haji tena.

Majira ya kuchuma tufaha yalipofika, Oleta aliinua chupa moja, akakuta vumbi la mbao. Pale mbele, kwenye asali, palikuwa na nafasi ya chupa moja.

Oleta alikaa kwenye ngazi ya kibanda. Hiyo chupa hakuiosha haraka.