Sahihi Isiyo ya Mama

Asubuhi nyumbani kwetu Cluain Darach, mji mdogo wa Ayalandi, huanza kwa mvua na sauti ya mama. "Sorcha! Mkate unaungua na basi halikungoji!" Mama hufanya kazi katika kiwanda cha jibini, kwa hiyo anapopiga kelele jikoni huwa tayari amevaa mabuti meupe na kofia ya wavu. Mimi hushuka ngazi soksi moja mkononi, nikalikimbilia basi la shule na siagi mdomoni.

Shule yetu ni ndogo. Wavulana na wasichana tunasoma pamoja, na ukipiga chafya darasani, kabla ya chakula cha mchana mji mzima utakuwa unakupa pole. Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na minne, kidato cha pili. Kila Mei, kidato cha pili hupanda mlima Sliabh Carrach pamoja na Bwana Ó Gallchóir, mwalimu wetu wa Kiayalandi. Asiyepanda hubaki maktaba na watoto wa kidato cha kwanza, kisha hutaniwa mpaka amalize shule.

Mimi nilikuwa wa maktaba. Nina pumu, ingawa shuleni nilikuwa sijamwambia mtu, na homa ya Machi iliniacha na kifua kibovu.

"Daktari akisema sawa, utapanda," mama alisema.

"Lakini miadi ni wiki ijayo, mama! Mlima ni Jumatano!"

"Basi mlima hautahama. Utapanda mwakani."

Mwakani! Mtu mzima husema mwakani kana kwamba ni kesho kutwa. Nilipanda chumbani na hasira zangu, nikaitoa fomu ya ruhusa. Bwana Ó Gallchóir hutaka kila kitu kiandikwe kwa Kiayalandi, hata jina la mzazi. Palipoulizwa kama mwanafunzi ana ugonjwa wowote, niliandika "Hana". Chini nikaweka sahihi, kwa herufi zilizolala upande kama za mama. Niliitazama nikajisifu. Inhela yangu, kile kichupa cha dawa ya kuvuta, niliiacha kwenye droo, maana mtu angeiona angeuliza maswali. Mama alidhani nakwenda shule kama siku zote.

Jumatano mvua ilikatika. Nusu saa ya kwanza nilitembea mbele na wenzangu. Kisha njia ikawa mawe matupu, upepo wa baridi ukaanza kuniingia kooni, na mmoja mmoja wakanipita.

"We Sorcha, vipi?" Fiachra Ó Máille alinigeukia akicheka. "Bibi yangu ana nyonga ya chuma, na angekuacha hapo hapo!"

"Mwambie bibi yako anisubiri," nikajibu. Maneno manne tu, nikahitaji kuvuta pumzi mara mbili katikati.

Hatua chache baadaye kifua kilikaza. Naijua hali hiyo: hewa inaingia kidogo, kutoka haitaki, na ndani kunalia filimbi. Niliketi juu ya jiwe. Niliogopa sana, lakini niliogopa zaidi kugunduliwa, na huo ndio ujinga ninaoukumbuka mpaka leo.

Bwana Ó Gallchóir alishuka mbio, begi la huduma ya kwanza mgongoni. "Sorcha, una nini?"

"Nimechoka tu, mwalimu."

Alilitua begi miguuni pangu. Ndani yake kulikuwa na inhela ya dharura. Tuliijua wote, kwani alituonyesha asubuhi kabla ya kupanda basi. Ilikuwa karibu kiasi cha kuigusa kwa mkono. Yeye akatoa faili la fomu, akatafuta yangu.

"Hana ugonjwa," alisoma. Nikaona uso wake unatulia. "Haya basi, ni uchovu. Kula chokoleti kidogo, tupumzike dakika tano."

Nilitaka kusema. Lakini ningesema nini? Kwamba karatasi ile ni uongo? Nilipokea chokoleti nikashindwa hata kuifungua. Filimbi kifuani ilikuwa inanyamaza, jambo ambalo ni baya kuliko kulia, maana hewa haipiti tena.

Mwalimu alikuwa anafunga faili aliposita. Akalifungua tena.

"Ní Dhálaigh," alisoma polepole.

Kwa Kiayalandi, jina la ukoo hubadilika mwanzoni kufuata mwenye jina. Baba yangu ni Ó Dálaigh. Mama, kwa kuwa ameolewa naye, ni Uí Dhálaigh. Mimi binti ni Ní Dhálaigh, na ndivyo nilivyoandika kwenye kila daftari tangu nijue kushika kalamu. Mwandiko niliuiga wa mama. Mkono, kwa mazoea, ukaandika jina langu mwenyewe.

"Mama yako hakuiandika hii." Hakupaza sauti. "Sorcha, nitazame. Una nini?"

Machozi yalinitoka, yakachukua na pumzi kidogo iliyobaki. "Nina... pumu."

"Fiachra! Fungua begi! Inhela, upesi!"

Fiachra hakuwa anacheka tena. Alilipekua begi, akaitoa. "Vuta. Shikilia. Toa," mwalimu aliniambia. "Tena. Vuta." Alihesabu kila mvuto kwa sauti huku Bríd, mwenzetu wa darasa, akipiga simu kuita gari la wagonjwa. Tano. Sita. Hakuna kitu. Darasa zima lilituzunguka kutukinga upepo. Saba. Nane. Kisha kitu kikalegea kifuani, hewa ikapita, nyembamba lakini ikapita.

"Mwalimu," Fiachra alisema kwa sauti ndogo, "na mimi kifundo changu cha mguu kimevimba tangu jana."

"Mimi sijala chochote tangu jana jioni," akasema Bríd.

Bwana Ó Gallchóir alifumba macho kidogo. "Tunashuka," akasema. "Wote."

Hakuna aliyefika kileleni mwaka ule. Hakuna aliyenilaumu pia, na hilo liliniuma zaidi.

Mama, aliyekuwa amepigiwa simu na shule, alikuwa chini kwenye maegesho, bado na mabuti ya kiwandani. Alinikumbatia, akaweka sikio kifuani kwangu, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Bi Gráinne, nilipaswa kuikagua fomu kabla ya kuondoka," mwalimu alimwambia mama.

"Tutazungumza kesho, Bwana Ó Gallchóir. Asante kwa kunirudishia mtoto." Kisha akapanda nami kwenye gari la wagonjwa.

Tulikuwa tumeanza kuyaona majengo ya hospitali mama alipofungua kinywa.

"Kunidanganya mimi, adhabu yake utaipata, na hasira yangu itapita," alisema. "Lakini ulimdanganya mtu aliyeshika dawa yako, Sorcha. Dawa ilikuwa miguuni pako, naye akakupa chokoleti, kwa sababu alikuamini."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusikia," akasema, akanishika mkono.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya usingizi. Aliusikiliza mgongo wangu, akachukua kalamu. "Kifua kilianza kubana leo?"

"Leo, huko mlimani," mama akamjibu.

Ningeweza kunyamaza. Nilimtazama mama, kisha daktari.

"Hapana," nikasema. "Tangu Jumapili. Nilificha."

Mkono wa mama uliniminya vidole. Daktari alikata alichokwisha kuandika, akaanza mstari mpya.

"Vizuri," alisema. "Sasa naweza kukutibu."