Chupa za Careen

Hili lilimpata rafiki yangu Walburga, wa Mfaranyaki. Binti yake Careen alikuwa akitengeneza maua ya kuvika balbu za taa kwa chupa za maji zilizookotwa mitaroni. Chupa iliyobonyea aliipuliza kwanza kwa mdomo mpaka ijae, ipige po!, ndipo aikate, hadi ugonjwa wa kifua ulipomchukua.

Jioni ya arobaini yake, Walburga aliingia stoo kuchukua maua yakawashwe uani. Umeme ukakatika. Mle gizani, kwenye gunia la chupa ambazo Walburga mwenyewe alikuwa amezikanyaga zikawa bapa, akasikia: po! Kimya. Po!

“Usiache, mwanangu,” akasema huku akilia. “Puliza tu.”

Umeme uliporudi, chupa zote zilikuwa zimejaa, na ndani ya ile ya juu ukungu wa pumzi ulikuwa bado unatanda.