Anatoka

Jumamosi hiyo Kasuku alifika ukumbini na furaha ya mtu aliyekwisha kariri kila kitu. Jina hilo walimbandika wanafunzi wenzake wa sanaa za maonyesho, maana neno likiingia sikioni mwake lilitoka mdomoni lilivyo. Jukwaa, maleba, mandhari, usemaji kando: misamiati yote aliimeza tangu muhula wa kwanza. Ulibaki mtihani wa vitendo, na Mwalimu alimpa nafasi ya Mke katika tamthilia kongwe iliyofukuliwa stoo.

Dada yake, fundi cherehani, alikuwa amepiga magoti akimalizia upindo wa gauni.

"Tulia, mdogo wangu. Unarukaruka kama samaki ndooni."

"Umenichoma!"

"Kapini kamoja tu, hapo kwenye kifundo cha mguu. Ukishuka jukwaani nitakatoa."

Tamthilia yenyewe ilikuwa na mkasa wake. Zamani muswada ulipelekwa kwa Kamati ya Maadili ya Michezo, chombo chenye wajumbe wengi na kalamu nyekundu moja. Kamati haikuona ubaya wowote Mume alipompiga Mke ukurasa mzima. Kilichoikera ni neno la mwisho kabisa katika maelekezo ya jukwaani, pale Mke anapofika mlangoni: *Anatoka*. Walilikata, wakaandika pembeni: "Mke mwema haondoki nyumbani. Abaki ndani hadi uamuzi mwingine utakapotolewa." Muhuri, pwaa. Uamuzi mwingine haukutolewa. Kamati ilivunjwa ikiwa bado inatafuta siku ya kukutana.

"Na aliyeigiza Mke mara ya kwanza?" Kasuku aliuliza.

"Wanasema hakurudi kwao," alijibu Mwalimu. "Mama yake alipofuatilia, aliambiwa suala linashughulikiwa." Alicheka peke yake. "Haya, jukwaani! Na kumbukeni: mwigizaji hajiondokei. Maelekezo ndiyo yanayomtoa."

Kasuku aliigiza vizuri hata Mwalimu akasahau kupiga miayo. Ila karibu na mwisho, jambo ambalo halijawahi kumtokea, maneno yalimkauka.

"Nimechoka kuwa..."

Akalikodolea macho kochi la Mume.

"...kiti katika nyumba hii," sauti ikamnong'oneza kisogoni.

Aliidaka, akamaliza. Kisha akageukia kisanduku kilicho mbele ya jukwaa, anapokaa mnong'onezi wa kuwakumbusha waigizaji. "Asante, umeniokoa."

"Unamshukuru nani?" Mwalimu aliuliza. "Mnong'onezi hajaja. Anaumwa jino."

Kasuku alitazama vizuri. Kisanduku kilikuwa kitupu. Na sauti, akakumbuka, ilitoka nyuma.

Alitaka kushuka. Akaufungua mlango wa mandhari, mlango wa mbao nyepesi usioficha chochote ila pazia jeusi na dada mwenye chupa ya chai. Akavuka kizingiti.

Akajikuta anaingia jukwaani kwa upande wa pili.

"Mbona unarudi?" Mwalimu alisema. "Onyesho limekwisha, wenzako wameshaondoka."

Akajaribu tena. Akaingia tena. Akakimbilia ukingo wa mbele, akaruka. Miguu ikatua kando ya kochi la Mume.

Dada alimnyooshea mkono kupitia mlangoni. Vidole vyao vilikaribiana, vikakoma. Hapakuwa na kitu katikati. Ila havikugusana.

"Dada, nitoe."

"Mwalimu!" dada alipaza sauti. "Si umesema maelekezo ndiyo yanayomtoa? Basi sema atoke!"

Mwalimu alikuwa ameukumbatia muswada kama mtoto mchanga. "Neno lilifutwa, mama. Pana muhuri hapa. Siwezi kuongeza neno bila kibali. Labda tuandike barua..."

"Kwa nani? Kamati imekufa!"

"Ndiyo maana nasema labda."

Juu ya jukwaa hewa ilikuwa nzito, kama ya sanduku la nguo za marehemu. Kasuku alihema. Kuna mwingine alihema pamoja naye. Karibu. Ndani ya gauni lilelile.

"Na mimi waliniambia nisubiri," sauti ilinong'ona.

"Nani wewe?"

"Mke."

Dada alimkwida Mwalimu shati hadi kifungo kikaruka. "Utasema, au nikukabe?"

Mwalimu alifumba macho. "Anatoka!"

Sasa, Kiswahili ni lugha karimu. Ukisema *anatoka*, hakikuulizi ni nani. Ila kinahesabu. Mmoja ni *anatoka*. Wawili ni *wanatoka*.

Kasuku alisikia ubaridi ukimbanduka mgongoni. Akaona mabega. Yalikuwa mabega yake. Akaona gauni, kisogo, nywele zake zilezile, vikienda mlangoni bila haraka. Vikavuka. Dada akavipokea kwa mikono miwili.

"Mungu wangu, umepoa hivi! Twende nyumbani."

"Dada!" Kasuku alipiga kelele.

Ikatoka kama mnong'ono.

"Dada, mimi niko huku!"

Mwalimu aligeuka mara moja, akaangalia jukwaa tupu, akazima taa. Alifunga mlango kwa funguo, kisha akarudi kuhakikisha kwamba ameufunga.

Nyumbani, dada alimwinamia mgeni wake ili amtoe pini. Upindo ulikuwa laini, hauna pini. Kifundo cha mguu hakikuwa na alama. "Imedondoka njiani," alijiambia, akachelewa kuinua uso. Juu yake, kwa sauti ya mdogo wake lakini polepole mno, mtu alikuwa akiuliza kama kamati imeshakaa.

Ukumbi bado unatumika. Mfagizi analalamika juu ya kitone kimoja mbele ya mlango wa mandhari, kidogo kama tundu la pini, chekundu. Hukipangusa kikatoka. Akirudi na ndoo hukikuta palepale, kibichi. Ameshapeleka malalamiko ofisini.

Wamemjibu kwamba suala linashughulikiwa.