Kiti cha Kumi na Tisa

Hebu fikiria darasa la chekechea kwenye ghorofa ya tatu, Kariakoo. Chini, spika za wauza nguo zinapishana kunadi bei. Juu, watoto kumi na wanane wamekaa kwenye viti vidogo vya plastiki. Sasa hesabu viti. Viko kumi na tisa.

Kile cha ziada alikiweka Mwalimu Clotilda mwenyewe, kwa huruma. Shamsa, mtoto wa miaka mitano, hakuwa na wa kucheza naye, na alipoulizwa alisema rafiki yake ni Moza. Wenzake walimcheka, kwa sababu huyo Moza hawakumwona. Mwalimu aliujua upweke. Tangu mumewe afariki, chumbani kwake, mtaa wa Gerezani, alipakua sahani moja tu. Basi asubuhi moja, ili kuwanyamazisha waliocheka, aliandika jina la Moza mwisho wa daftari la mahudhurio, akaliita.

"Nipo, ticha."

Macho yake yalikuwa kwenye daftari. Alidhani Shamsa ameitika kwa niaba ya rafiki yake. Akaweka tiki, na tangu siku hiyo akaliita kila asubuhi.

Wiki ya sita walifika kwenye somo la vitu vyenye uhai na visivyo na uhai. Mwalimu alileta jiwe, kufuli bovu, mche wa harage ndani ya kopo, na kifaranga alichonunua sokoni. Alileta pia kioo kidogo, akakilaza juu ya barafu, maana joto la Dar haliachi ukungu ukae.

"Chenye uhai kinapumua," aliwaambia. "Harage nalo linapumua, ila taratibu mno, hatutaliona. Haya, tuanze na jiwe."

Kwa jiwe, kioo kilibaki safi. Kwa kifaranga, kikapata kidoa. Bryson, mtundu wa darasa, akapaza sauti: "Ticha, tumpime na Moza!"

Darasa zima likaangua kicheko. Bryson akakisogeza kioo mbele ya kiti kitupu, akijifanya daktari. "Haya Moza, sema aaa."

Kioo kikawa cheupe chote, ukingo hadi ukingo, na maji yakachuruzika.

Kicheko kilikatika. Harufu ya udongo uliolowa ikajaa darasani, na mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima.

"Ticha," Bryson alinong'ona, "kanipulizia mkono. Pumzi ya moto."

Mwalimu alikifuta kioo, akakipeleka mdomoni mwa Shamsa. Kilibaki safi. Alingoja. Kikatokea kidoa kidogo kuliko cha kifaranga.

Hapo alimkumbuka Mama Shamsa, muuza vitenge wa mtaa wa pili, aliyemwambia juzi: "Ticha, mwanangu anaisha kama sabuni. Hospitali wamempima, hawaoni kitu. Huo uji wa hapa shuleni anakunywa kweli?" Naye akamjibu kwamba kikombe kinaisha kila siku. Hakuwahi kutazama ni nani anayekimaliza.

Kwenye fremu ya mlango kulikuwa na mistari ya chaki ya urefu wa watoto. Alimsimamisha Shamsa pale. Kichwa chake hakikuufikia mstari wake wa mwezi wa kwanza. Juu ya mistari yote palikuwa na mmoja ambao mwalimu hakuuchora.

Aliwaruhusu watoto mapema, akamwita Mama Shamsa, akashuka kumleta Shehe Ramadhan, aliyefundisha madrasa ghorofa ya chini.

"Ulimwita kwa jina?" shehe aliuliza, akitazama kile kiti.

"Kila siku."

"Akaitika?"

"Aliitika."

"Basi hakuvamia, mwanangu. Umemwandikisha. Mimi nitasoma, lakini atakayemfuta ni wewe. Na akisema nawe, usimjibu."

Shehe alisoma, udi ukafuka, na Shamsa amelala mapajani kwa mama yake, pumzi nyembamba kama uzi. Mwalimu akalikata jina kwa kalamu nyekundu. "Moza, hapa si pako."

Kiti kikajiburuta chenyewe sakafuni, taratibu, kikapita katikati ya vile vingine bila kuvigusa, kikasimama ubavuni mwa Shamsa, na ile harufu ya udongo ikawa nzito hata udi usisikike tena, na kadiri kiti kilivyotulia, kifua cha mtoto nacho kilizidi kutulia, mpaka ikasikika sauti ndogo, ya adabu, sauti ile ile ya kila asubuhi, ikiuliza: "Niende wapi, ticha? Nilikotoka hakuna mtu."

"Usimjibu!" shehe alinong'ona.

"Ticha, mwanangu hapumui!" mama alilia.

Mwalimu Clotilda alikitazama kiti kitupu. Nilikotoka hakuna mtu. Hata kwake hakukuwa na mtu.

"Njoo kwangu," alisema. "Mwache mtoto."

Shamsa akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akaomba maji.

Siku hizi Shamsa anakimbizana na Bryson kwenye ngazi, na viti ni kumi na vinane. Gerezani, mwalimu anapakua sahani mbili, na zote zinaisha. Kwenye fremu ya mlango wake kuna mstari wa chaki uliokuwa kiunoni mwake, sasa uko begani. Na magauni ya mwalimu, yale yale ya zamani, yameanza kuburuta chini.

Nawe unayeshika daftari la watoto, nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Ukiita jina, inua macho kwanza, umwone anayeitika.