Nyasi za Mwezi wa Saba

Asubuhi ile Margareth alipikia uji chini ya mwavuli. Mkono mmoja ulishika mwiko, mwingine ulishika mwavuli, na bado tone moja liliingia kwenye sufuria.

Jiko lake lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, pale Kinole. Paa lake lilikuwa la nyasi. Yeye na mumewe Eustace waliliezeka upya mwezi wa kumi na mbili. Sasa ulikuwa mwezi wa tatu, mvua za masika zimeanza, na paa lilivuja sehemu saba.

Uji si kitu, utapikwa mwingine. Kilichomkosesha raha Margareth kilikuwa juu ya dari. Pale juu ya moshi wa mafiga ndipo alipoweka mbegu, mahindi kwenye masuke yake na maharage ndani ya kibuyu. Moshi hufukuza wadudu. Lakini maji yakiingia, mbegu huoza au huota kabla ya kufika shambani. Na mbegu nyingine hakuwa nayo.

Alipanda kwenye kigoda, akashusha masuke. Mawili yalikuwa yameshaota vimizizi vyeupe.

"Eustace, njoo uone," aliita. "Zikipita siku tatu hivi, hatuna cha kupanda."

Eustace aliangalia, akakuna shingo. "Tungeweka bati."

"Bati la nini leo, na mvua hii hapa?"

Wakati huo Sufiani alikuwa anapita na jembe begani. Sufiani ni fundi wa kuezeka, tena ni mtani wa Margareth. Koo zao ni za watani tangu enzi za mababu. Mtani hukutania mpaka msibani, na akichukua kitu chako huruhusiwi kununa.

"Margareth," alisema akichungulia mlangoni, "siku hizi mnaoga jikoni?"

"Tunaoga, ndiyo. Wewe kwenu hamuogi kabisa, tunasikia harufu mpaka huku."

Sufiani alicheka. Kisha aliingia, akachomoa nyasi kidogo kwenye paa. Zilikuwa nyeusi na laini kama mchicha uliopikwa jana.

"Mlikata lini hizi?"

"Mwezi wa kumi na mbili," alijibu Eustace.

"Zikiwa mbichi?"

"Zilikuwa kijani. Tulidhani zitakauka huko huko juu ya paa."

"Hazikauki, zinaoza. Nyasi changa ina maji ndani. Ukungu unaipenda, mchwa wanaipenda. Nyasi ya kuezekea hukatwa mwezi wa saba au wa nane, imekomaa, imekauka wima, mbegu zake zimeshapukutika. Kwa nini hamkukata wakati huo?"

Eustace alitazama mafiga. Margareth ndiye aliyejibu.

"Tulichoma shamba, mtani. Moto ukatushinda, ukapanda mlima wote. Nyasi ndefu ziliisha siku ile. Zilizobaki ni hizi zilizochipua baada ya mvua."

"Kumbe. Mlichoma paa lenu wenyewe likiwa bado limesimama mlimani," alisema Sufiani, na safari hii hakucheka.

Margareth alitazama tena yale masuke yaliyoota. Kisha akakumbuka kitu. Nyuma ya banda la mbuzi la Sufiani kulikuwa na uchanja, na juu yake matita ya nyasi yamefunikwa turubai.

"Eustace, lete kamba," alisema. "Tunakwenda kwa mtani wangu kuiba."

"Mchana kweupe?" aliuliza Sufiani.

"Na wewe utatusaidia kubeba."

Walikwenda wote watatu. Mke wa Sufiani aliwaona wakipita na matita kichwani, akapiga makofi. "Ukoo wa wezi huo umekuja! Angalieni na mbuzi wangu."

"Mbuzi tutamfuata Jumapili," alijibu Margareth.

Mvua ilipopumzika walianza kazi. Sufiani alichukua unyasi mmoja, akaukunja. Ulikatika, tak.

"Huu umekomaa. Ukikunjika kama uzi, uache shambani."

Kwanza walishusha nyasi zilizooza, wakazitandaza shambani chini ya migomba ili zishike unyevu. Paa nalo lilikuwa limelala mno, maji yalikuwa yanakaa badala ya kuteremka. Wakainua boriti ya juu kwa kiasi cha mkono mzima. Kisha wakaezeka kuanzia chini, kwenye ukingo, kwenda juu. Kila safu ilifunika zaidi ya nusu ya safu ya chini yake. Unene ulikuwa shibiri moja. Eustace alikaza kwa kamba za mgomba mpaka viganja vikawaka.

"Kaza, shemeji," Sufiani alisema. "Hapo hata kuku anaingia."

Kabla jua halijazama walimaliza. Margareth aliwasha moto, akarudisha mbegu nzuri juu ya dari. Zile zilizoota alizitenga.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu alfajiri, ile ya masika yenyewe. Margareth alipanda kwenye kigoda, akapitisha kiganja chini ya nyasi, pembe hadi pembe. Kilitoka kikavu. Alishuka, akainjika uji, mwavuli ukibaki ukutani.

Wiki iliyofuata walipanda. Maharage yaliota mistari kwa mistari, mapengo yalikuwa machache.

Mwaka ule Eustace hakuchoma shamba. Majani aliyofyeka aliyalaza kwenye matuta. Juu ya shamba waliacha ukanda mrefu wa nyasi, wakalima kandokando yake ili moto wa wengine usivuke. Mwezi wa saba Margareth alipanda huko na mundu. Alikunja unyasi wa kwanza. Tak.

Walipata matita mengi, wakayapanga juu ya uchanja. Asubuhi moja Margareth alikuta manne hayapo. Kule chini, kwenye paa la banda la mbuzi, Sufiani alikuwa amekaa anaezeka, anapiga mluzi.

"Mwizi wewe!" Margareth alimwita.

"Lete na chai," alijibu Sufiani.

Margareth alikwenda kuinjika birika.